Nimemwekea mtoto programu ya ulinzi, mbona bado anaona kila kitu?

BARUA

Jambo yako Yaya,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kampemba hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni biashara. Ninachukua unga, mafuta na mayai Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ninakuja kuuzia hapa mjini. Baba yao yuko Kolwezi, anafanya kazi mgodini, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na kuna miezi inapita bila kuja. Nikiwa njiani watoto wanabaki na kambo yao, yaani mama yangu mzazi.

Mvulana ana miaka 12, yuko darasa la saba. Mdogo wake ni msichana wa miaka 9. Mwaka wa shule ulipoanza, mwalimu alifungua grupu la WhatsApp, kazi za nyumbani zote zinatumwa humo. Asiye na simu anakosa. Bon, baba yake akamnunulia Tecno. Mimi niliogopa, kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto niliipeleka kwa fundi karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, nikamwambia aweke kitu cha kumlinda. Akaweka Family Link ya Google. Nikalipa, akanionyesha jinsi simu inavyojifunga yenyewe saa tatu usiku na jinsi tovuti mbaya zinavyokataa kufunguka. Neno la siri alilishika fundi mwenyewe, maana mimi nasahau. Akasema nikilihitaji nimpigie tu. Nikaenda Kasumbalesa roho imetulia.

Sasa sikia Yaya. Juzi niliomba simu ya mtoto nitafute picha ya ratiba ya mtihani. Nikakuta video za watu wazima, na si moja. Ziko ndani ya WhatsApp, kwenye grupu eti la mpira, lenye watu zaidi ya mia, na ukisikiliza sauti zao si watoto. Nikafungua Family Link kwenye simu yangu kuangalia ripoti. Inaandika WhatsApp saa tatu kwa siku, Chrome dakika chache. Tovuti mbaya hakuna hata moja! Na saa tatu usiku ikifika simu haijifungi tena. Nikamuuliza, akasema, "Mama, ile kitu ilikuwa imeharibika."

Kuna kingine. Mega za intaneti ninamnunulia mimi, kidogo tu, za kazi za shule. Haziwezi kutosha video zote hizo. Nilipouliza mezani zinatoka wapi, msichana akasema kuna yaya mmoja, yaani mtu aliyemzidi umri, wa kwenye grupu, anamtumiaga kaka yake mega. Mvulana akamkanyaga mguu chini ya meza, na hapo wote wawili wakanyamaza.

Najua pia anatumia simu ya kambo. Kambo hawezi kuifungua vizuri, mtoto ndiye anamfungulia sauti za ndugu zetu wa Kinshasa na Ubelgiji. Hata simu yangu mimi, nisidanganye, mtoto ndiye ananionyesha mambo.

Baba yake anasema kitu cha bure hakina nguvu, tununue ile programu ya kulipia dola kila mwezi, inayosoma meseji zote bila mtoto kujua. Dada yangu mkubwa anasema apigwe na simu ivunjwe mbele ya macho yake. Mimi naomba uniambie kitu kimoja tu: ni programu gani ambayo mtoto hawezi kuizunguka?

Mama wa Kampemba

JIBU

Jambo Mama, na pole ya njia.

Programu ambayo mtoto wa miaka 12 hawezi kuizunguka haipo, iwe ya bure au ya dola. Swali lako limepata jibu. Lakini ndani ya barua umeweka jambo zito kuliko hilo uliloliuliza, ukalipita mbio: kuna mtu anamtumia mwanao mega. Hapo ndipo tuanzie.

Inawezekana ni kijana wa mtaani anayependa kuonekana bosi. Inawezekana ni binamu. Lakini watu wanaowinda watoto kwenye simu nao huanza hivyo hivyo: zawadi ndogo, kisha siri ndogo ya "usimwambie mama", kisha ombi. Picha, au kukutana mahali, au kuchukua kitu nyumbani. Na kwetu hapa jambo hili ni jepesi mno, maana mega na initi, yaani salio la simu, zinahama kutoka namba hadi namba bila mtu yeyote wa nyumbani kuziona. Mtu akimpa mtoto pesa barabarani, angalau kambo angeuliza hiyo soda umenunua na nini. Family Link haina mahali panapoonyesha nani amemtumia mtoto mega. Na yule mguu kukanyagwa chini ya meza unakuambia kwamba siri tayari ipo.

Kwa hiyo, kabla ya fundi na kabla ya yote, fungua meseji za kawaida kwenye simu ya mtoto, zile zinazotoka kwa kampuni ya mtandao. Ujumbe wa kupokea mega au initi mara nyingi huandika namba iliyotuma. Iandike kwenye daftari, na uipige picha kwa simu yako. Kisha itafute namba hiyo ndani ya WhatsApp usome walichoongea. Mwanao awe amekaa hapo hapo, aone kwamba unasoma. Usijibu ukijifanya wewe ni yeye. Usimtumie huyo mtu matusi wala vitisho, hata kama mkono unawasha. Ukimtisha leo, kesho namba imezimwa na yeye yuko kwa mtoto mwingine. Ukikuta mazungumzo matupu, usiseme hapakuwa na kitu: WhatsApp inaruhusu ujumbe ujifute wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90.

Ukikuta ameomba picha za mwili, au ametuma za kwake, jambo limetoka mikononi mwa familia. Sheria yetu ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18, na inawaadhibu wanaotengeneza au kusambaza picha za ngono za watoto. Polisi ya Taifa ina kikosi cha kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kingono. Nenda huko na simu yenyewe, bila kufuta chochote, pamoja na lile daftari. Na nakuomba sana, zile video za kwenye grupu usizitume kwa ndugu ili "waone mtoto anavyoangalia". Nimeona familia zikifanya hivyo kwa hasira, na jioni video iko kwenye simu za watoto wengine sita.

Sasa tuje kwa fundi.

Mama, kwa Google mzazi si aliyebeba mimba miezi tisa. Mzazi ni mwenye neno la siri la akaunti ya mzazi. Kwa hesabu hiyo fundi wako wa soko la Kenya ndiye mzazi wa simu ya mwanao. Anaweza kuongeza saa, kufungua tovuti, kukubali programu mpya, na hata kuona kwenye ramani simu ya mtoto iko wapi. Sisemi ni mtu mbaya. Mafundi wengi wanashika maneno ya siri ya wateja kwa sababu wateja wanarudi kila wiki wamesahau. Ila mkono unaoweka ulinzi kwa faranga chache ndio huo huo unaoutoa kwa faranga chache, na mvulana wa darasa la saba anakijua kibanda kilipo.

Kuna mlango mwingine wa karibu zaidi, nao ni simu yako. Mtoto akitaka kitu, Family Link inamlazimisha aombe ruhusa. Ombi linaingia kwenye simu ya mzazi, mzazi anabonyeza kukubali. Sasa kama simu ya mzazi iko kwenye kochi, na mtoto anajua namba ya kuifungua kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wako wa simu, anajiombea na kujikubalia mwenyewe kabla hujamaliza kukoroga bukari. Ile saa ya kulala, naye anaweza kuizima humo humo. "Ilikuwa imeharibika," amekuambia. Mimi naona iliharibiwa kwa adabu kabisa, ukiwa chumba cha pili.

Nenda kwa fundi wewe mwenyewe, mchana, ukae mbele yake, usimtume mtoto. Kwenye simu yako fungua akaunti ya Google, sehemu ya usalama. Neno la siri libadilishwe, uchague wewe, na uandike kwa mkono wako fundi akiangalia pembeni. Namba ya kurudishia akaunti iwe yako, na si yake. Kisha angalia orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti hiyo, usiyoitambua, itoe. Neno la siri liandike kwenye daftari lile la madeni ya wateja. Najua kuna watu watakuambia neno la siri haliandikwi kwenye karatasi. Hao hawana fundi kama wako. Daftari linalosafiri na wewe Kasumbalesa ndani ya pochi ni salama kuliko kichwa cha mtu mwingine. Simu yako nayo ipewe alama ya kidole chako, na namba mpya ya kufungulia ambayo si mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani.

Ukimaliza hapo, Family Link itarudi kufanya kazi yake. Lakini ujue kazi yake ni ipi, maana umeilaumu kwa jambo ambalo haikuahidi. Umeuliza kwa nini ripoti ilikuwa safi huku simu imechafuka. Kizuizi chake cha tovuti kinafanya kazi ndani ya Chrome, na mwanao hana shida na Chrome. Watoto wa mji huu wengi wanaishi kwenye vifurushi vya mega za WhatsApp, kwa sababu ni bei nafuu. Kwao intaneti ndiyo WhatsApp. Video ile hakuitafuta kwenye tovuti. Ililetwa na mtu, ndani ya grupu, na tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, hivi kwamba Google haiwezi kuusoma njiani. Programu iliweza kuhesabu dakika tu, na ilihesabu vizuri: saa tatu. Saa tatu hizo alikuwa na nani, hilo haliandikwi popote.

Na si WhatsApp peke yake. Filamu inaweza kuingia kwa Bluetooth, kwa Xender (programu ya kutumiana faili simu kwa simu), au kwa kadi ya kumbukumbu iliyojazwa kwenye kibanda cha muziki, bila mega hata moja. Faili ambayo haikupita kwenye tovuti haikutani na kizuizi cha tovuti.

Kuna pia umbali wako. Unachobadilisha kwenye simu yako kinafika kwa mtoto pale simu zote mbili zinapokuwa na mtandao. Ukiwa Kasumbalesa umeishiwa mega, au simu yako imeshika mtandao wa upande wa Zambia, ombi la mtoto linakusubiri na hulioni. Umeme ukikatika Kampemba tangu asubuhi na simu yake ikazimika, ramani inakuonyesha pale ilipokuwa kabla ya kuzimika. Mzazi aliye njiani anaangalia ile ramani, anaona alama iko nyumbani, anashukuru Mungu.

Sitaki uifute, lakini. Inaweza kumzuia kupakua programu mpya kutoka Play Store bila wewe kukubali. Inaweza kufunga simu usiku. Inaweza kuifunga WhatsApp yenyewe moja kwa moja, na hilo nitalirudia chini. Angalia tu kwamba ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya Play Store imefungwa. Kwa mtoto wa miaka 7 anayecheza michezo kitandani mwa mama yake, Family Link inatosha kabisa. Kwa mvulana wa miaka 12 mwenye grupu la watu mia, ni saa ya ukutani: inakuambia muda, basi. Tena kwa miaka mingi kanuni ya Google ilikuwa kwamba mtoto akifika umri uliowekwa, ambao kwa nchi nyingi ni miaka 13, anaweza mwenyewe kuchagua kutoka chini ya usimamizi. Wako ana 12. Usijenge nyumba nzima juu ya kitu hicho.

Baba yao namwelewa. Mtu aliye Kolwezi anataka jicho nyumbani, na mwenye kuuza programu anamuuzia jicho. Lakini mwambie haya kabla hajatoa dola. Programu nyingi za kusoma meseji kwa siri hazipatikani Play Store. Ili uziweke unaelekezwa kwanza uzime ulinzi wa simu yenyewe, ule unaoitwa Play Protect. Yaani ili kumlinda mtoto, unaanza kwa kuivua simu ulinzi wake. Kisha meseji za mwanao, picha zake na mahali anapopita vinapelekwa kukaa kwenye kompyuta za watu msiowajua. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani iliyoitwa TeenSafe, ya kuwafuatilia watoto wenye simu, iligundulika imeacha data wazi kwenye mtandao, zikiwemo barua pepe za wazazi na maneno ya siri ya akaunti za watoto. Mwaka 2024 zikavuja data za wateja wa mSpy, programu nyingine ya kufuatilia simu, mamilioni ya watu. Hao ndio wanaoomba muwaamini na siri za nyumbani kwenu.

Na tuseme hazivuji. Nani atasoma? Baba yuko zamu ya usiku, wewe uko juu ya lori la unga. Saa tatu za meseji kila siku, Kiswahili chetu kilichochanganywa na Kifaransa, vicheko, sauti, picha za vibonzo. Mtasoma siku ya kwanza na ya pili. Siku mtoto akigundua, na atagundua, atatafuta kadi nyingine ya SIM na simu ya rafiki, na mazungumzo ambayo mngetaka kuyaona ndiyo yatakayohamia huko. Hata X na TikTok zilipozuiwa nchini Februari 2025, watu walipita kwa VPN, programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, na sidhani watoto ndio walikuwa wa mwisho kujifunza.

Zile dola azigeuze kuwa mega za kumpigia mwanawe kwa video jioni, wanaume wawili. Kwa sababu video alizoziona ziko kichwani tayari, na hakuna cha kuzifuta huko. Mvulana wa umri huo anahitaji mwanaume amwambie bila kucheka na bila kufoka kwamba wale ni watu wanaolipwa kuigiza, kwamba mwanamke si kile alichokiona, na kwamba mwili wake utabadilika na anaweza kuuliza. Kama baba anaona aibu, na wengi wanaona, mjomba yupo. Kwetu mjomba alikuwa na kazi hiyo tangu zamani, kabla ya simu.

Sasa kambo. Hapa ndipo pagumu, maana huwezi kumwamrisha mama yako mzazi, na hufai kumlaumu: analea wajukuu wakati wewe uko njiani, na simu yake ndiyo inayomletea sauti ya watoto wake walio mbali. Ukimwambia "usimpe mtoto simu yako," atasema ndiyo, halafu ndugu wa Ubelgiji atatuma sauti na atamwita yule yule mvulana. Hataki kuharibu. Hana mtu mwingine wa kumfungulia.

Kwa hiyo mwondolee shida yake kwanza. Keti naye siku uko nyumbani, weka alama ya kidole chake, cha mkono anaoshikia simu, na kama ngozi imechoka kwa jembe na maji ya moto, jaribu dole gumba au kidole cha mkono wa pili. WhatsApp iweke ukurasa wa mbele. Mwonyeshe kubonyeza sauti, mara nyingi kadiri anavyotaka. Halafu mweleze kilichotokea, chote, kwa maneno ya watu wazima. Wazee wengi tunawaficha mambo ya simu tukidhani hawataelewa, lakini hakuna asichokielewa kambo kuhusu mtu mgeni anayempa mtoto zawadi kwa siri. Hilo analijua kuliko mimi na wewe. Mwombe sheria moja tu: simu yake ikishikwa na mtoto, ishikwe sebuleni, mbele yake, sauti ikiwa juu. Usiku simu zote, ya mvulana na ya kambo, zilale chumbani kwa kambo.

Hii inatupeleka kwenye grupu la darasa. Akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka mtu awe na miaka 13, na wako ana 12. Una haki ya kumwambia mwalimu hivyo, kwa heshima. Omba namba inayoingia kwenye grupu iwe ya kambo. Kazi za shule zifunguliwe hapo sebuleni, ziandikwe kwenye daftari, simu irudi kwa mwenyewe. Uliza pia katika grupu hilo la darasa wamo nani: wazazi, wanafunzi, au yeyote aliyepata kiungo? Waulize na wazazi wengine kama watoto wao wako kwenye lile la mpira. Sidhani mwanao yuko peke yake.

Kwenye simu ya mvulana, ifunge WhatsApp kwa Family Link hadi jambo la mega liishe na limeeleweka. Lakini kwanza piga picha za ushahidi, kisha mtoke kwenye grupu la mpira mkiwa pamoja. Usimwambie ni kifungo cha milele. Mpe tarehe. Siku itakaporudi, nenda kwenye mipangilio yake ya faragha, sehemu ya magrupu, uchague kwamba walio kwenye orodha yake ya majina tu ndio wanaoweza kumwingiza kwenye grupu. Simu za wasiojulikana zinyamazishwe. Na picha na video zisijipakue zenyewe. Hayo ni mambo ya dakika chache na yana faida kuliko ile ya dola.

Kuhusu dada yako mkubwa, mpe salamu zangu. Simu ikivunjwa, mmepoteza Tecno na mtoto yuko kwa binamu kesho saa nne. Akipigwa kwa kilichosemwa mezani, amejifunza kutosema mezani.

Na hapo ninamfikiria msichana. Yeye ndiye aliyekuambia ukweli, ana miaka 9, na amekanyagwa mguu kwa ajili yake. Ukiwa peke yako naye mwambie amefanya vizuri na kwamba kaka yake hataadhibiwa kwa sababu yake. Mvulana naye ajue kwamba ungejua tu, kwa hesabu ya mega, hata dada yake angenyamaza. Usimpe msichana kazi ya kukuletea habari ukiwa Kasumbalesa. Atachukiwa, na akichoka kuchukiwa ataanza kuficha. Muulize tu, taratibu, kama yule "yaya" wa kwenye grupu amewahi kuongea naye pia, au kumwona kwenye video akiwa karibu na kaka yake. Akisema ndiyo, safari ya kwenda polisi isingoje baba arudi kutoka Kolwezi.